Wangaliungana, Tungalikuwa Wapi?

Kuna mchezo unaopendwa na wengi wetu tunaosoma historia sambamba na Kiswahili, mchezo wa "ingalikuwaje". Mtu huchukua tukio moja la zamani, akaligeuza kidogo, kisha akaiacha dunia iendelee na safari yake kwa njia nyingine. Wasomi wanauita historia mbadala. Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Ugomvi wangu ni na hadithi moja inayorudi kila mara katika midahalo yetu, ikisimuliwa kana kwamba ni hesabu iliyokwisha kusahihishwa: kwamba kama Uingereza na Ufaransa zingaliunganisha majeshi na viwanda vyao baada ya Vita Vikuu vya Pili, basi zingalikuwa dola kuu ya tatu duniani, sawa kwa sawa na Marekani na Urusi ya Kisovieti.

Hadithi ina mvuto, nami nauelewa. Upande huu kuna Rolls-Royce na injini zake za jeti, upande ule kuna Dassault na ndege zake za kivita. Majirani wawili, wametenganishwa na mlangobahari mwembamba ambao mtu mwenye pumzi huuvuka kwa kuogelea. Msimulizi akishaviweka vyote hivyo juu ya meza moja, nani tena atamwuliza swali?

Mimi nitamwuliza, na nitaanzia kwenye sarufi, maana hapo angalau sote tumefundishwa. Sentensi ya -ngali- ina vishazi viwili, na kila kitenzi hubeba kiambishi cha mtendaji. Wangaliungana, wangalikuwa na nguvu. Wa- mwanzoni, wa- mwishoni. Katika insha za aina hii nilizozisoma sijakutana na mwandishi aliyethubutu kubadilisha kiambishi cha pili. Wangaliungana, tungalikuwa wapi?

Natoa hoja yangu mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kulenga. Kati ya 1945 na 1960 muungano wa kijeshi na wa kiviwanda wa nchi hizo mbili haukuwa na mtaji mwingine wa maana isipokuwa makoloni. Anayeyaondoa makoloni katika hadithi ameing'oa injini akabaki na bodi. Anayeyaacha ndani bila kuyataja anatuomba tushangilie safari ambayo nauli yake tungalilipa sisi.

Wako wanaoanza na Juni 16, 1940. Siku hiyo, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuingia Paris, serikali ya Churchill ilikubali pendekezo lililoandaliwa kwa msaada wa Jean Monnet kwamba Uingereza na Ufaransa ziwe nchi moja, zenye vyombo vya pamoja vya ulinzi, mambo ya nje na fedha. De Gaulle, aliyekuwa London, alilisoma kwa simu kwa Waziri Mkuu Paul Reynaud kule Bordeaux. Jioni ile ile Reynaud alijiuzulu, Pétain akashika madaraka, pendekezo likafa. Mimi silipi uzito mkubwa. Ilikuwa kamba iliyotupwa kwa mtu anayezama. Ila lina kipengele kimoja kinachochekesha. Hati ilisema kwamba kila raia wa Ufaransa angepata papo hapo uraia wa Uingereza, na kila mtu wa Mfalme wa Uingereza angekuwa raia wa Ufaransa. Sasa, "mtu wa Mfalme" kwa sheria ya wakati ule hakuwa Mwingereza wa London peke yake. Mkikuyu aliyezaliwa katika koloni la Kenya alikuwamo. Mhindi wa Bombay alikuwamo. Mganda na Mzanzibari, waliohesabiwa kuwa wanalindwa tu, hawakuwamo. Na Mwafrika wa kijijini Senegal au wa Kongo ya Brazzaville, ambaye Ufaransa ilimhesabu mtawaliwa na si raia, asingalipata chochote. Kwa hiyo, hati ikisomwa neno kwa neno, Mkikuyu wa Nyeri angalikuwa raia wa Ufaransa kabla ya Mbambara aliyeishi chini ya bendera ya Ufaransa tangu kuzaliwa! Bila shaka hakuna aliyekusudia hivyo. Walisahau tu kwamba tupo.

Twende 1947, maana hapo ndipo hadithi ina nyama. Machi 4 ya mwaka huo Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kusaidiana huko Dunkirk, na mwaka mmoja baadaye, Machi 17, 1948, zikaungana na Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg katika Mkataba wa Brussels. Mtu wa kumtazama hapa ni Ernest Bevin, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, mzee wa vyama vya wafanyakazi aliyepanda hadi kilele cha serikali. Kwa muda fulani Bevin aliamini kweli kwamba Ulaya Magharibi, ikiongozwa na Uingereza na Ufaransa, ingeweza kusimama katikati ya Washington na Moscow bila kuegemea upande wowote. Wenzangu wanaoipenda hadithi ya dola ya tatu wanamtaja kwa heshima. Kitu wasichokitaja ni kwamba Bevin mwenyewe hakuficha mtaji ungetoka wapi. Katika mipango yake Ulaya haikusimama peke yake. Ilisimama pamoja na Afrika yake. Mwaka 1948 alimweleza waziri mwenzake, Hugh Dalton, kwamba Waingereza wakijitahidi kuiendeleza Afrika na kuyachimba madini yake, basi katika miaka minne au mitano Marekani ndiyo ingewategemea wao.

Hakuwa peke yake. Mwishoni mwa 1947 Montgomery, mshindi wa El Alamein na wakati huo mkuu wa jeshi la nchi kavu la Uingereza, alizunguka bara hili na kurudi na ripoti. Alitaka utajiri wa Afrika uendelezwe kwa mpango mmoja mkubwa ili Uingereza iinuke. Kuhusu wenyeji aliandika kwamba Mwafrika ni mshenzi kabisa asiyeweza kuiendeleza nchi yake mwenyewe. Serikali haikuifuata ripoti ile yote, na waziri wa makoloni aliipinga, lakini ni nani aliyeandika? Si mlevi wa baa. Ni afisa ambaye katika hadithi yenu ya muungano angalikaa kwenye kiti cha mbele kabisa cha makao makuu ya pamoja.

Nasi hatuna haja ya kukisia mpango wa namna hiyo ungalifananaje, kwa sababu sampuli yake ililetwa Tanganyika. Waingereza walikosa mafuta ya kupikia na siagi ya mimea. Kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, ikapendekeza karanga zilimwe kwa mashine katika eneo la zaidi ya ekari milioni tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta hayakutosha. Vikachukuliwa vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya vita, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa mashine za kung'oa vichaka, navyo vikapewa jina la Shervick. Napenda wenzangu waitazame picha hiyo kwa utulivu. Ushirikiano wa jeshi na kiwanda, ule wanaouota, ulifika Ugogo ukiwa kifaru kilichovuliwa mzinga. Wagogo walijua mvua za pale zinavyodanganya na udongo unavyokauka ukawa kama saruji; hakuna aliyewauliza kwa dhati. Mradi ulifutwa 1951, na mlipa kodi wa Uingereza akabebeshwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. (Nachingwea baadaye ilikuja kuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Angalau ardhi ile ilizaa kitu.) Kenya nayo ilipata kipande chake: pale Mackinnon Road, kati ya Mombasa na Voi, jeshi la Uingereza lilianza kujenga maghala makubwa ya kuchukua nafasi ya kambi za Misri, kisha likayatelekeza.

Ufaransa kwa upande wake ilikuwa na Office du Niger, mradi wa kumwagilia pamba na mpunga katika Mali ya leo, ulioanza 1932 na kujengwa kwa jasho la watu waliolazimishwa kufanya kazi. Miradi miwili ya namna hiyo ukiiweka chini ya wizara moja, unapata nini? Anayesema unapata dola ya tatu anieleze kwa njia gani.

Jibu la kawaida ni kwamba muungano ungalileta fedha nyingi zaidi na wataalamu wengi zaidi. Fedha zipi? Mwaka 1946 Uingereza ilikopa dola bilioni 3.75 kutoka Marekani ili iweze kuishi. Sharti mojawapo la mkopo lilikuwa pauni iweze kubadilishwa kwa dola kwa uhuru kuanzia Julai 1947. Ilijaribiwa. Dola zikamiminika nje kwa kasi ya kutisha, na Agosti 20 serikali ikasitisha, baada ya wiki tano tu. Ufaransa nayo ilikuwa ikibisha hodi mlango ule ule wa Washington. Wadaiwa wawili wa mwenye duka mmoja wakiamua kula chungu kimoja, daftari la deni halifutiki. Ndiyo maana macho yao yalitua Afrika. Hapakuwa na pengine pa kutua.

Hata madini yenyewe hayakuwa huru kama wasimulizi wanavyodhani. Uranium ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, iliyotumika kwa sehemu kubwa katika bomu la Hiroshima, ilikuwa imefungwa tangu 1944 kwa mapatano kati ya Marekani, Uingereza na serikali ya Ubelgiji iliyokuwa uhamishoni London. Dola ya tatu ya kina Bevin ingalilazimika kwanza kumnyang'anya Mmarekani shehena aliyokwisha kuilipia. Kuhusu Mkongo aliyeibeba ile mawe kwa mikono yake, hakuna mkataba wowote kati ya yote niliyoyataja uliomtaja yeye.

Sasa 1956, kipenzi cha wote. Septemba 10 ya mwaka huo Guy Mollet, Waziri Mkuu wa Ufaransa na mwalimu wa zamani wa Kiingereza, alikwenda London akampendekezea Anthony Eden muungano wa nchi zao mbili. Alipokataliwa, likaja wazo la Ufaransa kuingia Jumuiya ya Madola, na Mollet hakuona taabu hata ya kumkubali Malkia Elizabeth kuwa mkuu wa jumuiya hiyo. Habari hizi zililala katika hifadhi ya nyaraka hadi zilipotangazwa Januari 2007, na tangu siku hiyo wapenzi wa historia mbadala hawajalala. Wanasema: Eden angalikubali, Suez isingalishindikana, na kila kitu kingalikwenda kwingine.

Naomba tuangalie kalenda ya mwezi uliofuata, siku kwa siku. Oktoba 21, 1956, alfajiri, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri. Oktoba 22, ndege iliyokuwa ikimpeleka Ahmed Ben Bella na viongozi wenzake wa ukombozi wa Algeria kutoka Rabat kwenda Tunis ililazimishwa na Wafaransa kutua Algiers, wakatiwa mbaroni. Siku hiyo hiyo ya 22, katika nyumba moja ya Sèvres, nje kidogo ya Paris, wajumbe wa Ufaransa na Israeli, na waziri wa Uingereza akiingia kwa siri, walianza kupanga jinsi ya kuishambulia Misri. Oktoba 24 walitia saini. Siku nne. Hayo si matukio matatu yaliyogongana kwa bahati. Ufaransa ilimchukia Nasser kwa sababu aliwasaidia Waalgeria. Ilikuwa na zaidi ya askari 400,000 katika vita ile. Uingereza ilikuwa bado na hali ya hatari Kenya, vijiji vimezungushiwa mitaro, maelfu wako kizuizini. Mollet alipoomba muungano hakuwa akifikiria ndege wala viwanda vya magari. Alikuwa na vita mkononi na alitafuta mwenzake wa kuishika upande wa pili.

Kwa hiyo Eden angalikubali, Algeria na Kenya zingalikuwa vita moja, yenye hazina moja na jeshi moja. Wenzangu wanaosema Uhuru ulikuwa lazima uje tu, 1961 kwa Tanganyika, 1962 kwa Uganda, Rwanda na Burundi, 1963 kwa Kenya, wanaitegemea tarehe kana kwamba ni mzunguko wa jua. Tarehe zile zilitokana na watawala kuchoka kila mmoja peke yake, kufilisika kila mmoja peke yake, na watu wetu kuwasukuma walipokuwa wamechoka. Wangalichoka pamoja polepole zaidi. Sidai kwamba wangalidumu. Nadai kwamba kila mwaka wa nyongeza ungalikuwa na makaburi yake, na hayo hayamo katika hesabu zenu.

Na Suez yenyewe isingaliokolewa. Wanajeshi hawakushindwa pale; walishuka Port Said Novemba 5 na 6 na kusonga mbele. Kilichowarudisha ni pauni. Akiba ya Uingereza ilivuja, Marekani ikakataa kuiruhusu ipate mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa mpaka ikubali kuondoka Misri, na ndani ya siku moja ya mapigano ya nchi kavu Eden akasalimu amri. Ufaransa, kwa ujanja ambao lazima nimsifu mwenyewe, ilikuwa imejipangia mkopo wake kwenye shirika hilo hilo mwezi Oktoba, kabla risasi haijalia. Zingalikuwa na hazina moja, Ufaransa ingalizama na Uingereza siku ile ile. Muungano ungaliwapunguzia hata njia hiyo moja ya kutokea.

Wanaojua mambo ya silaha wataniambia nimeacha karata yao kubwa kuliko zote, bomu. Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu jibu ni fupi. Mwaka 1958 Uingereza iliingia mapatano ya nyuklia na Marekani, na kuanzia hapo siri zake za maana zilikuwa pia siri za Marekani. Isingaliweza kumpa Mfaransa bila ruhusa. Desemba 1962 huko Nassau, Macmillan alikubali makombora ya Polaris ya Kimarekani. Januari 14, 1963, de Gaulle aliifungia Uingereza mlango wa Soko la Pamoja la Ulaya. Tuseme lakini yote hayo yangaliondoka. Bomu la pamoja lingalijaribiwa wapi? Ufaransa ilijaribu lake Reggane, katika Sahara ya Algeria, Februari 13, 1960, na kufikia 1966 ilikuwa imelipua mara 17 katika jangwa lile, minne ya mwanzo juu ya ardhi. Nkrumah alizuia mali za Wafaransa nchini Ghana kwa hasira. Historia mbadala ya bomu la Uingereza na Ufaransa ni historia ya vumbi lile lile kuongezeka.

Nakiri mpinzani wangu ana jambo moja lililosimama imara: ushirikiano wa kweli, uliotokea, ulizaa vitu. Novemba 29, 1962, nchi hizo zilitia saini mkataba wa Concorde. Ile ndege ilikuwa kazi ya ajabu ya mikono na akili, iliruka kwa kasi mara mbili ya sauti, na hakuna mwenye haki atakayewanyima wahandisi wa Bristol na Toulouse sifa yao. Tatizo ni kwamba mkataba haukuwa na kipengele cha kujitoa. Serikali ya Harold Wilson ilipoingia 1964 na kuona bei, ilitaka kuachana nayo ikashindwa, kwa hofu ya kupelekwa mahakamani na mwenzake. Zikatengenezwa ndege 20, kati yake 14 tu zikaingia kazini, kwa mashirika mawili tu, moja la kila nchi iliyolipia. Ile nyingine, ndege ya kivita yenye mabawa ya kujikunja waliyokubaliana 1965, Ufaransa iliiacha miaka miwili baadaye kwa kusema ni ghali, na Dassault akatengeneza ya kwake ya mtindo huo huo. Waliposhirikiana vizuri ni pale mkataba ulipowafunga kamba miguuni. Jaguar ndiyo iliyofaulu zaidi. Ilirushwa mpaka Oman, ambako ilistaafu 2014. Lakini mtu akiuliza Jaguar za Ufaransa zilipigana wapi mara ya kwanza, jibu ni Mauritania, Desemba 1977, dhidi ya wapiganaji wa Polisario. Baadaye Chad. Nigeria ilinunua zake, kisha ikaziegesha 1991 kwa kushindwa gharama.

Na kuna helikopta. Katika mapatano ya 1967 nchi hizo ziligawana kazi za aina tatu, Puma, Gazelle na Lynx; Gazelle ilibuniwa Ufaransa na Sud Aviation, Westland ya Uingereza ikashiriki kuitengeneza. Mimi ni Mnyarwanda, na jina hilo la swala mwembamba silisomi kama la mnyama. Oktoba 1990, wapiganaji wa RPF walipoingia kutoka Uganda, jeshi la Habyarimana liliwapiga kwa Gazelle zilizotoka Ufaransa. Paris ilituma na askari wake, na kwa miaka iliyofuata iliendelea kuupa utawala ule silaha na mafunzo. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Wanahistoria wanapoeleza kwa nini Ufaransa iling'ang'ania upande ule, sababu mojawapo wanayoitaja ni ile wanayoiita ugonjwa wa Fashoda: kumbukumbu ya 1898, pale Marchand alipokutana na Kitchener kwenye Nile, mahali panapoitwa sasa Kodok, Sudan Kusini, akalazimika kuondoka, na hofu iliyobaki kwamba wasemaji wa Kiingereza wanawinda kila ardhi inayosema Kifaransa. RPF walitoka Uganda, basi wakaonekana ni mkono wa Waingereza. Tume ya Duclert, iliyoundwa na Ufaransa yenyewe, ilisema Machi 2021 kwamba nchi hiyo ina dhamana nzito ya kulemea, ingawa haikuona ushahidi kwamba ilishiriki mauaji kwa makusudi. Sasa pimeni wenyewe. Chombo kilichotumika kuwazuia hao wanaodhaniwa mawakala wa Waingereza kilitoka katika mpango ambao Waingereza walikuwa wabia. Kiwandani walikuwa ndugu, Rwanda walikuwa maadui, na vyote viwili kwa wakati mmoja. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba tembo wawili wakipigana nyasi huumia. Hakuna aliyetufundisha kwamba wakipatana wanakula nini.

Najua mwalimu mmoja au wawili watasema nimeuchukulia mchezo kwa uzito usiostahili. Kwamba historia mbadala ni zoezi la akili, na mwandishi ana ruhusa ya kuchagua anachokitazama. Sawa. Lakini zoezi la akili lina kanuni: ukibadilisha kitu kimoja lazima ufuate kila kinachosukumwa nacho. Anayeandika kwamba meli za Uingereza na Ufaransa zingalikuwa chini ya amiri mmoja, na anatuhesabia mpaka idadi ya mizinga, kisha anaruka bandari zilikotia nanga, hajafanya zoezi hilo. Amecheza na vibao vya meli. Na akilifanya kwa Kiswahili, lugha iliyobebwa na vibarua wa reli na wapagazi wa vita vyao, ameruka kitu ambacho lugha yenyewe inakijua.

Wala sisemi kwamba tuache kuandika. Guy Mollet aliomba nchi yake iingie Jumuiya ya Madola, haikuingia. Novemba 2009 iliyoingia ni Rwanda, na miaka kumi baadaye Mnyarwanda, Louise Mushikiwabo, akawa anaongoza jumuiya ya wanaosema Kifaransa. Nani angalikubali kuchapisha hadithi kama hiyo mwaka 1956? Kuna nafasi kubwa ya kubuni, ila sehemu ya kugeuzia gari siyo ile wanayoichagua wenzangu. Mimi nasubiri kusoma insha inayoanza hivi: Kimathi hakuonekana alfajiri ile, ndege ya Ben Bella ilitua Tunis salama, na kule Sèvres mabwana walikaa mezani wakiitazama simu.